Kuhusu ile marufuku ya kompyuta

Marahaba mwanangu. Meseji yako niliiona jana usiku, nikajisemea nikijibu kwenye simu ntaandika uchafu mtupu maana vidole vyangu na vile vibatani havielewani, ndo nimekaa kwenye kompyuta asubuhi hii kabla wajukuu hawajaamka. Swali lenyewe moja tu ila umeniamshia mambo ya miaka hamsini. Kwamba wamekuweka kwenye kamati ya kuandika mwongozo wa akili mnemba (hiyo AI yenu) mashuleni, nusu ya wajumbe wanataka ipigwe marufuku moja kwa moja, mmoja akatoa mfano wa serikali ya Tanzania ilivyokataza kuingiza kompyuta mwaka 1974 akasema wazee wetu waliona mbali, mwenzie akamjibu waliona mbali wapi, ushamba tu. Na wewe unaniuliza, mama we ulikuwepo, ilikuwa kuona mbali au ushamba?

Ushamba haukuwa, hilo mwambie huyo kijana wako. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa wizara ya fedha mwaka 1965, uhuru una miaka minne tu, sasa mshamba gani huyo. Shida ilikuja walipotaka kuingiza hesabu za serikali kwenye mashine. Mashine imetoka nje, utaalamu umetoka nje, mahesabu yakavurugika hakuna wa kuyanyoosha, mwisho wakarudi kwenye mashine zao za zamani za kuhesabia na pesa ya kigeni ishaenda. Alafu kumbuka 1974 ilikuwa mwaka gani, ukame, mafuta yamepanda bei dunia nzima, nchi inaagiza chakula kwa meli, kila dola inahesabiwa. Ndo ikatoka amri, hakuna kuingiza kompyuta wala vifaa vyake, na televisheni humo humo (wenzetu Zanzibar wao walishakuwa na televisheni ya rangi, sisi bara tulikuja kuiona 1994, we ulikuwa mdogo ulikuwa unaenda kuchungulia kwa jirani). Ningekuwa mimi niko pale wizarani mwaka ule sijui kama ningeamua tofauti, nakwambia ukweli.

Ila zile zilizokuwepo hazikuzimwa. Watu wanadhani ilikuwa giza, hapana, mashirika makubwa yaliendelea nazo na ukitaka mpya unaomba kibali. Mimi nilimaliza form six mwaka huo huo, Azimio la Musoma likatukuta njiani, kwamba chuo kikuu haendi mtu moja kwa moja, kwanza jeshi la kujenga taifa alafu kazini. Basi nikatoka JKT nikapangiwa shirika moja la umma, chumba cha kupiga kadi, yaani kutoboa matundu kwenye kadi za karatasi ngumu, maana kompyuta za wakati ule zilisoma matundu hayo. Tulikuwa wasichana watupu pale, kutwa nzima ni kibodi na kelele, kadi moja ina safu 80, ukikosea herufi moja hakuna kufuta, kadi unatupa unapiga nyingine, na akitoka wa kupiga anakuja wa kuhakiki anapiga yale yale upya juu yake, mashine ikikataa ujue mmoja wenu kakosea na mara nyingi mnanuniana mpaka saa ya kutoka.

Kuna siku nilidondosha trei. Kadi za programu ya mishahara, mamia, zimetawanyika sakafuni na mishahara inatoka kesho kutwa, na kadi zile lazima zifuatane, moja ikikaa pasipo pake kazi yote imeharibika. Mtaalamu wetu mzungu alikuwa likizo kwao. Nikapiga magoti nalia. Akaja tarishi, mzee mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kubeba maboksi toka ghorofa ya chini kuleta juu, akaniambia binti usilie, angalia ubavuni. Kumbe kila bunda akishalipanga alikuwa analichora ubavuni mstari wa mshazari kwa kalamu ya wino, toka kona ya juu hadi kona ya chini, kwaiyo kadi zikichanganyika unazirudisha ukifuata ule mstari mpaka unyooke tena. Tulizipanga mimi na yeye mpaka saa mbili usiku, mishahara ikatoka. Nikamuuliza nani kakufundisha, akasema nilimuona yule mzungu akifanya mara moja nami nikawa nafanya kwa yote. Mzee yule hakuwahi kuitwa kwenye mafunzo hata siku moja mwanangu, miaka yote ile kabeba kadi za watu na hakuna aliyemuuliza unaelewa nini humu.

Sasa marufuku ilichofanya ndo hicho. Mashine kwa wenye nguvu iliendelea kuingia kwa vibali, kilichokosekana ni watu. Nilivofika chuo kikuu tulisoma programu kwa karatasi na chaki, unaandika mistari yako kwa penseli, unaifuata kwa kichwa kama unavofuata hesabu ya deni, mashine yenyewe kwa mwaka mzima nilikaa mbele yake mara tatu. Haikunifanya mjinga, tena ilinifundisha kufikiri kabla ya kubonyeza, kitu ambacho wanafunzi wako hawana nisamehe. Lakini tulikuwa wachache mno, nchi nzima tunajuana kwa majina. Nilivoenda Uingereza kusoma shahada ya pili nikakuta vitoto vya miaka kumi na tisa vinakaa na mashine usiku kucha vinavuruga vinatengeneza vinavuruga tena, pale nilikaa kimya, nikaelewa tumeachwa wapi.

Nikarudi miaka ya themanini, pisi zimeanza kuingia (pisi wakati huo ilikuwa kompyuta, msinichekeshe na hizo pisi zenu za mtaani), masharti yanalegea, nikaanza kufundisha. Mashine moja, wanafunzi arobaini, umeme ukitaka upo ukitaka haupo. Unajua nilivokuwa nafundisha kupanga namba? Nawatoa nje, kila mmoja kashika karatasi ya namba kifuani, wamesimama mstari, nawaambia hakuna kuongea, unaruhusiwa kumuangalia wa kulia kwako tu, namba yako ikiwa kubwa mnabadilishana. Wanaanza kucheka, dakika kumi kimya, dakika ishirini mtu anasema mwalimu mi naona hii njia inachosha hakuna ya mkato? Hapo ndo somo linaanza. Na mashine tukiingia ndani nilikuwa na sheria moja, aliyeshika kibodi haamui, anaandika anachoambiwa, maana bila hivo wavulana watatu wanaigeuza ya kwao na wasichana wanabaki kushika madaftari.

Mambo ya sera nimeyaingilia humo humo, sikuwa nayatafuta. Waliita vikao vya wadau tukielekea ile Sera ya Taifa ya teknolojia ya habari na mawasiliano ya mwaka 2003, wakati huo tukisema TEKNOHAMA, baadae ndo ikafupika ikawa TEHAMA. Kikao cha kwanza mwanamke nilikuwa peke yangu kwenye meza, mwenyekiti akaniambia mama mwandiko wako mzuri tuandikie muhtasari. Nilikasirika mpaka masikio yakawasha. Nikaandika. Kikao cha pili nikagundua kumbe anayeandika ndo anayejua nani kasema nini, watu wakibishana wanakugeukia wewe, na sentensi ikikaa vizuri kwenye muhtasari wiki mbili baadae inarudi kwenye rasimu kama ya wote. Basi tena sikulalamika, hata walipotaka kumpa mwingine nikasema aah msihangaike.

Ile sera ukiifungua utakuta maeneo kumi. La kwanza uongozi, la pili miundombinu, la tatu tasnia yenyewe, la nne ndo rasilimali watu. La nne. Mimi nilitaka watu wawe wa kwanza, nikapigania kikao kizima, nikawasimulia mpaka habari ya tarishi, wakacheka vizuri tu, mmoja akanambia mama mpangilio hauna maana yoyote yote ni muhimu. Sawa, ila angalia pesa ilikwenda kwa mpangilio upi. Mkonga wa bahari, ule waya wa intaneti unaopita chini ya maji, ulifika Dar 2009, tukashangilia na mimi nikiwemo, tulikuwa tunateseka na setilaiti bei ya kuua, na kweli ulibadilisha maisha. Lakini kuna shule nimezungukia mwenyewe baada ya hapo, maabara imejengwa, kompyuta ziko kwenye maplastiki yake, mwalimu anaogopa kuziwasha zisije zikaharibika akaambiwa alipe. Sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi ilishatoka toka 2007, ya maneno mazuri kabisa, na mwalimu yule hakuwahi kuiona.

Kwaiyo jibu langu kwa kamati yako. Hao wa marufuku usiwadharau, wana hoja, mtoto akiandikiwa insha na mashine hajajifunza kuandika, hata mimi kwenye mtihani nisingeruhusu. Ila waulize marufuku itamshika nani. Mwanafunzi wa kutwa akirudi nyumbani simu ya dada yake anayo, hakuna mwongozo utakaomfikia chumbani. Wa bweni hana simu. Shule za ada kubwa zitajiita za majaribio zitapata ruhusa, vibali navijua mimi, havijawahi kumkosa mwenye kujua mlango. Atakayebaki kushikwa ni mwalimu wa shule ya kata, ataogopa kuigusa kwa sababu waraka umesema, wanafunzi wake watamzidi, na siku mkibadilisha mawazo mtaanza na yeye kutoka sifuri. Sisi tulianza kutoka sifuri hivo hivo na walimu tuliowahitaji hawakuwepo.

Alafu hukuniambia, kwenye hiyo kamati mna mwalimu yeyote anayefundisha sasa hivi? Sio mkurugenzi aliyewahi kufundisha zamani, namaanisha mwenye chaki mkononi wiki hii. Kama hayupo omba aingizwe kabla hamjaandika aya ya kwanza, na wakikataa basi we omba uandike muhtasari.

Ile nakala yangu ya rasimu ya kale iko kwenye boksi la viatu juu ya kabati, yenye penseli zangu. Ukija uichukue ila usinipotezee. Na wakati mnakaa vikao, lile darasa lako la Alhamisi anashika nani?

Mama yako.