Kupima ubongo kwa umeme ili kujua kifafa kinakuja

SWALI: Dokta shikamoo, mwanangu ana kifafa, nimesikia kuna watu wanapigwa umeme kwenye ubongo ili kujua kama kinakaribia, si ndo watamwanzishia wenyewe?

JIBU: Marahaba mama, hapana, ni umeme kidogo sana unapita kwenye elektrodi, yaani vijiwaya vidogo vya kupitishia umeme, alafu kompyuta inaangalia ubongo umejibu vipi, ukijibu kwa nguvu kuliko kawaida yake inaweza kuwa dalili kwamba hatari imepanda. Kule Melbourne, Australia watu 15 waliwekewa kifaa kichwani, matokeo yakatoka 2013, ila kile kilisikiliza tu mawimbi ya umeme ya ubongo wenyewe na kwa baadhi yao kilionya vizuri. Hii ya umeme bado iko kwenye utafiti, kwa hiyo nakuomba sana mama, dawa asiruke, na akianguka mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni.