Othello kwa waigizaji weusi watupu

SWALI: Kikundi chetu cha maigizo hapa Tabora kinaandaa Othello ya Shakespeare, tamthilia ya jemadari mweusi wa Venice. Sote ni weusi. Suala la rangi tulionyesheje? Wanaocheza Wavenisi, yaani watu weupe wa mji huo, tuwapake unga? – Msomaji, Tabora

JIBU: Unga hapana, ndugu, watu watacheka, na tamthilia hii haivumilii kicheko cha namna hiyo. Wavisheni Wavenisi wote kitambaa cha rangi moja, Othello peke yake nyingine. Inatosha, kwa sababu ubaguzi wenyewe umo midomoni.

Msikate onyesho la kwanza la sehemu ya kwanza ili kuokoa muda, kosa la wengi. Iago, ofisa wa Othello anayemchukia kisirisiri, na mwenzake Roderigo wanapiga kelele usiku chini ya dirisha la Brabantio, baba wa Desdemona, mke wa Othello, wakimwita Othello kondoo dume mweusi. Jina lake halitajwi. Husikika mara ya kwanza katika onyesho la tatu la sehemu hiyo hiyo, mtawala wa Venice anapomhitaji vitani. Hapo ghafla ni "shujaa".

Pagumu ni sehemu ya tatu, onyesho la tatu. Iago anadokeza kwamba Desdemona aliwakataa wachumba wa nchi na rangi yake. Akibaki peke yake, Othello anajiuliza kama weusi wake ndio sababu. Mwigizaji asikimbize: atue, aitazame mikono yake, ndipo aendelee.