Targa Florio: Urefu Wake Hasa Ni Upi?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Nafuatilia historia ya mashindano ya magari ya Targa Florio, kule Sicily. Kuna wanaoandika kwamba mzunguko ulikuwa kilomita 148, wengine 108, wengine 72. Nishike upi? Na kwa nini magari yalikuwa yakitoka moja moja?

JIBU: Shika yote matatu, ila angalia na mwaka. Vincenzo Florio alipoanzisha mashindano haya mwaka 1906 hakujenga uwanja. Alichukua barabara za vijiji vya milima ya Madonie, za vumbi na mawe, zikafanya duara la kilomita 148. Raundi zilikuwa tatu. Alessandro Cagno alishinda na gari la Itala kwa zaidi ya saa tisa, wastani wa kama kilomita 47 kwa saa. Usicheke, jaribu kwanza barabara ile kwa matairi ya enzi hizo.

Mwaka 1919 wakaacha sehemu ya Petralia na Castelbuono, zikabaki 108. Mwaka 1931 mvua ikaharibu barabara, wakalazimika kurudi kwenye duara refu, na Tazio Nuvolari akashinda na Alfa Romeo. Mwaka uliofuata ikatumika barabara mpya ya kuunganisha Caltavuturo na Collesano. Hapo ndipo ilipotoka 72, ambayo ndiyo wengi wanaikumbuka.

Kutoka moja moja ni suala la upana wa njia. Ukiyaachia yote kwa mpigo, yatabanana kona ya kwanza. Kwa hiyo walishindana na saa, kama kwenye Safari Rally: anayetangulia kufika si lazima awe mshindi.

Sasa la kiufundi, ambalo hukuuliza. Raundi ya kilomita 72 ilikuwa na kona zaidi ya 800, na mnyooko mmoja tu wa maana, Buonfornello kando ya bahari, kama kilomita 6. Injini kubwa pale ni mzigo. Mwaka 1970 Porsche walikuwa na 917 ya silinda 12, lakini walioshinda, Jo Siffert na Brian Redman, waliendesha 908/03, kigari chepesi. Leo Kinnunen, na gari la aina hiyo hiyo, alimaliza raundi moja kwa dakika 33 na sekunde 36: wastani wa kama kilomita 128 kwa saa, katikati ya kuta za nyumba za watu.