Programu moja, Android na iPhone: kipi kibadilike?

SWALI: Ninatengeneza programu ya hesabu za chama chetu hapa Kasarani kwa kutumia Flutter, zana ya kuandika programu moja inayofanya kazi kwenye Android na iPhone. Kwenye Android inafanya kazi vizuri, lakini wanachama wenye iPhone wanalalamika kwamba wakishafungua ukurasa wa michango hawawezi kurudi nyuma mpaka waifunge programu yote. Je, itanibidi nitengeneze sura mbili, moja ya Android na moja ya iPhone?

JIBU: La, sura mbili zitakuchosha bure. Rangi na nembo ya chama ziache zilivyo. Kinachopaswa kubadilika ni yale ambayo mkono wa mtumiaji umeshazoea, na kurudi nyuma ndilo la kwanza.

Android ina njia yake ya kurudi, iwe ni kitufe cha chini au kutelezesha kidole kutoka ukingoni, kwa hiyo hata ukiondoa kichwa cha ukurasa mtu hakwami. iPhone haina kitufe hicho. Mshale wa juu kushoto huwekwa na programu yenyewe, na kutelezesha kidole kutoka ukingo wa kushoto nako hutegemea programu. Nashuku kwamba umeiondoa AppBar, yaani kichwa hicho cha ukurasa chenye mshale, ili upate nafasi, kisha ukaufunga ukurasa ndani ya PopScope (kijenzi cha Flutter kinachodhibiti kurudi nyuma) yenye canPop: false, yaani “usiruhusu kurudi”, pamoja na swali la kuthibitisha, ili mtu asipoteze kiasi alichokwisha kuandika. Mpangilio huo huzima mtelezo wa iPhone kimyakimya, wala swali hilo la uthibitisho halitokei. Rudisha AppBar, kisha canPop iwe false pale tu ambapo kuna maandishi ambayo hayajahifadhiwa. Mtu akigusa mshale wakati huo, swali litatokea kama kawaida.

Mengine Flutter hukufanyia yenyewe: umbo la mshale, kichwa kukaa katikati, ukurasa kuingia kwa mwendo wa iPhone. Swichi ya umbo la iPhone itakubidi uiombe kwa Switch.adaptive. Ukitumia AlertDialog.adaptive, yaani kidirisha cha ujumbe kinachofuata umbo la simu, kumbuka kwamba vitufe vilivyomo havibadiliki; kwa upande wa iPhone weka CupertinoDialogAction (kitufe cha mtindo wa Apple) mwenyewe, la sivyo utapata kidirisha cha Apple chenye vitufe vya Android, kitu ambacho binafsi nakiona kibaya kuliko kuacha vyote vya Android.

Unapoangalia programu inaendeshwa kwenye mfumo gani, tumia Theme.of(context).platform badala ya Platform.isIOS, kwa maana siku mweka hazina atakapotaka kuifungua programu kwenye kivinjari cha kompyuta, hiyo ya pili italeta hitilafu.

Kuna jambo hukuuliza, ila litakufikia. Kibodi ya tarakimu ya iPhone haina kitufe cha kumalizia, hivyo mwanachama akishaandika 500 kibodi itabaki wazi na pengine kufunika kitufe chako cha kutuma. Kwenye kisanduku cha kiasi weka onTapOutside (amri ya mguso wa nje ya kisanduku) inayoondoa fokasi, yaani kukiacha kisanduku kisipokee maandishi tena, ili akigusa popote pengine kibodi ishuke.