Kabla Hujamwita Muuzaji wa Diski Tapeli, Angalia Saa

Juzi usiku msomaji mmoja wa Kahama ameniandikia. Amebadilisha diski iliyokufa kwenye laptopu kwa SSD, ile diski ya chipu isiyozunguka, kapiga Windows, ikawaka vizuri, akalala akijua kazi imeisha. Asubuhi kioo cheusi na maneno "No Bootable Device", yaani hakuna diski ya kuwashia. Anauliza: "Kaka, hizi SSD si feki kweli? Ya kwanza nimeirudisha dukani, nikapewa nyingine, na yenyewe yale yale."

Nilisoma nikaweka simu chini kwanza. Jibu ninalo. Ila asubuhi hiyo yake mimi niliishi nayo karibu wiki mbili mwaka 2021, hapa Morogoro, na mpaka leo kuna kibanda kimoja nikikikaribia navuka barabara.

Mteja alikuwa mwalimu wa sekondari, mama mtu mzima. Laptopu yake ya mtumba, ya enzi za Windows 8, ina diski ya GB 500 inayogonga ndani: tak, tak, tak. Kile ni kichwa cha kusomea kinarudi mwanzo kila kinaposhindwa kusoma. Alama za kidato cha tatu zote zilikuwa humo, na nakala hana.

Hapa niacheni nijisifu kidogo, kwa sababu huko mbele hakuna cha kujisifia. Sikuiwasha Windows hata mara moja. Niliichomoa diski, nikaiunganisha kwa waya wa USB kwenye mashine yangu, nikabuti (nikaiwasha) kwa Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, kutoka kwenye flashi na kunakili lile faili la alama kwanza, picha za harusi baadaye. Baada ya dakika kama arobaini diski ilinyamaza, haikusomeka tena. Mwalimu alinishika mkono kwa mikono yake miwili: "Mungu akubariki, mwanangu." Ningekufa siku ile ningezikwa kama fundi bingwa.

SSD ya GB 240 ilikuja kwa basi kutoka Kariakoo. Kuifunga ni skrubu tu, siwachoshi. Flashi yangu ya Windows nilikuwa nimeitengeneza zamani kwa ajili ya mashine za Legacy, ule mtindo wa zamani wa kuwasha kompyuta, na laptopu ikawa haiioni. Nikaingia BIOS, programu ndogo inayoiamsha mashine kabla ya Windows, nikazima Secure Boot, ulinzi wake wa kuwasha, nikabadilisha UEFI, mtindo mpya, kuwa Legacy, flashi ikaonekana. Nikapiga Windows 10, ikawaka kwa sekunde 15, nikapokea hela yangu.

Kesho yake, saa mbili asubuhi, simu. "Mwanangu, inasema haina diski."

Aliileta. BIOS inaiona diski, jina na ukubwa wake, kila kitu. Nikakuta imerudi kwenye UEFI, nikajiambia labda jana nilisahau kuhifadhi mabadiliko. Nikaweka Legacy, ikawaka. Tarehe ilikuwa imerudi mwaka 2012, na kivinjari kinatoa onyo kwa kila tovuti. Nikairekebisha tarehe kwa mkono wangu mwenyewe, nikamkabidhi. Baada ya siku mbili akarudi na tatizo lile lile. Na tarehe 2012. Nikairekebisha tena! Jawabu nilikuwa nimelishika mkononi mara mbili, na mara mbili nikalifuta.

Badala ya kufikiri nikampigia muuzaji wa Kariakoo. Nilimwita tapeli. Nilisema maneno mengine ambayo hapa siyaandiki. Diski ikapanda basi, akaipima, akanijibu kwa upole kwamba ni nzima, lakini chukua nyingine basi. Nikapiga Windows upya kwa flashi ile ile na Legacy ile ile. Mnajua kilichotokea.

Safari hii Mwalimu hakunipigia. Aliipeleka kibanda cha jirani, kwa kijana niliyemfundisha mimi kushika bisibisi. Nilipita nikaiona laptopu mezani kwake imefunguliwa mgongo. "Shikamoo kaka," akasema bila kuinua macho. Kisha: "Kaka, uliangalia saa?"

Betri kubwa ya laptopu ile ilishakufa siku nyingi, inaishi kwa umeme wa ukutani. Betri ndogo ya BIOS, CR2032 ya volti 3, nayo ilikuwa imekwisha. Kwa hiyo ukichomoa waya tu, mashine inasahau saa na mipangilio yote, inarudi ilivyotoka kiwandani: UEFI. Windows yangu nilikuwa nimeipiga kwa mtindo wa MBR, mpangilio wa zamani wa diski unaoendana na Legacy, na UEFI ikifika kwenye diski hutafuta sehemu yake ndogo iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32, yenye faili la kuwashia. Haipo. Kwa hiyo inasema hakuna cha kubuti, ingawa diski ipo na ni nzima. Kwenye meza yangu ilinitii kwa sababu ilikuwa imechomekwa muda wote. Mwalimu alipoichomoa kwenda nayo nyumbani, ndipo ilipokufa.

Kijana aliirudisha Legacy, akawasha, akafungua dirisha la amri kama msimamizi na kuandika mbr2gpt /convert /allowFullOS. Amri hiyo imo ndani ya Windows 10 tangu toleo la 2017, na mimi nilikuwa siijui. Diski ikawa GPT, mpangilio mpya unaoendana na UEFI, bila kupoteza faili hata moja. Akabadilisha betri ndogo, akaiacha BIOS kwenye UEFI, kazi ikaisha. Mwalimu alikuwa amekaa pale kwenye kiti cha plastiki. Aliniangalia kama anavyomwangalia mwanafunzi aliyenakili jibu la mwenzake, tena jibu lenyewe la uongo.

Muuzaji nilimpigia kumwomba radhi. Alisema "haya", akakata.

Sasa wewe wa Kahama, na nyinyi wengine mnaotaka kuitwa mafundi. Swali la kwanza ni moja: BIOS inaiona diski? Kama inaiona, acha kumsumbua muuzaji. Angalia kama mtindo wa diski na mtindo wa BIOS vinaelewana: GPT na UEFI, MBR na Legacy. Ukitengeneza flashi ya Windows kwa programu ya Rufus unaulizwa swali hilo hilo, lisome usibonyeze tu. Kama BIOS haiioni kabisa, hapo ndipo unaangalia kiunganishi kama kimeingia sawasawa. Na kama ni kile kibao chembamba cha M.2, hakikisha hujachomeka NVMe, aina ya kasi zaidi, kwenye nafasi inayokubali SATA, aina ya zamani, peke yake. Vyote ni M.2, watu wengi wanaungua hapo. Hiyo mbr2gpt nayo ina masharti yake: inakataa diski iliyogawanywa sehemu kuu (partition) zaidi ya tatu, na nakala ya data unachukua kwanza, usiniletee kilio.

Tumezoea mno neno feki. Kitu kikitushinda ni feki, muuzaji mwizi, mteja kaiangusha. Mimi nilikuwa hodari wa neno hilo, na lilinigharimu nauli za vifurushi, mteja, na heshima mbele ya mtoto aliyekuwa ananifagilia kibanda. Soma kilichoandikwa kwenye kioo. Kisome kabla hujashika simu.

Diski ya pili usiirudishe, kaka. Chomoa umeme, toa betri kubwa, iache dakika kumi. Washa, ingia BIOS moja kwa moja, piga picha ukurasa wa kwanza unitumie. Nataka kuona tarehe.