Kabla ya Kununua Programu ya Wanachama, Ketini na Mweka Hazina

Nimekuwa katibu wa chama cha kusaidiana hapa Kenya kwa miaka kadhaa, na viongozi wa vyama vingine huniuliza ni programu gani wainunue ili waachane na daftari. Huwashauri wasitazame programu yoyote kabla hawajaketi na mweka hazina mwisho wa mwezi na kuona anavyohangaika.

Kuhifadhi majina si kazi ngumu. Majina mia mbili hukaa vizuri kwenye Excel. Kazi ni kujua nani amelipa. Ada huingia kwa M-Pesa, mara nyingi kutoka kwa simu ya mume, ya binti au ya jirani, na mweka hazina hubaki akikisia. Kwa hiyo sisi tulibadilisha kwanza njia ya kupokea fedha. M-Pesa ina nambari za aina mbili za kupokea malipo, Paybill na Till. Nambari ya Paybill, tofauti na ya Till, humpa mlipaji nafasi ya kuandika nambari ya akaunti, na hapo ndipo mwanachama anapoandika nambari yake ya uanachama, hata akilipia kwa simu ya mtu mwingine. Mfumo unaomtambua mtu kwa nambari ya simu aliyolipia hautawafaa, hasa kwa kuwa siku hizi Safaricom, kampuni inayoendesha M-Pesa, huificha nambari hiyo katika taarifa za malipo inazotuma kwa mifumo ya wapokeaji.

Basi muulizeni muuzaji, kabla ya jambo jingine lolote, malipo ya M-Pesa yanaingiaje katika programu yake. Programu za kigeni kama Wild Apricot zimejengwa kwa ajili ya watu wanaolipa kwa kadi, na bei yake, ambayo ni ya dola, hupanda kadiri orodha ya watu inavyorefuka. Ulizeni kama waliojitoa na waliofariki nao huhesabiwa. CiviCRM ni programu huria isiyo na ada ya leseni, nayo hufanya kazi ndani ya tovuti iliyojengwa kwa WordPress au Drupal, ambazo ni mifumo ya kutengenezea tovuti, lakini inahitaji seva, masasisho na mtu anayeielewa. Katika vyama vyetu mtu huyo huwa ni kijana mmoja tu, na kijana huyo hupata kazi mji mwingine.

Hilo la kuondoka kwa watu ndilo ninalolipa uzito kuliko sifa zote za programu. Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya chama, wasimamizi wawe wawili au zaidi, na kabla ya kulipa shilingi yoyote mjaribu kupakua orodha yote pamoja na historia ya malipo katika faili ya CSV, yaani jedwali la kawaida linalofunguka hata kwenye Excel. Muuzaji akisita hapo, ondokeni.

Fomu zetu huwa na nambari za vitambulisho, warithi na majina ya watoto, taarifa ambazo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazilinda. Programu isiyoweza kumzuia mwanakamati asione yasiyomhusu haitufai.

Jaribuni programu kwa malipo halisi ya mwezi uliopita, si kwa majina ya mfano ya muuzaji. Chama chenye wanachama arobaini, kwa maoni yangu, hakihitaji kununua chochote: Paybill, Excel na nakala ya akiba kwa katibu vinatosha, na fedha hizo zibaki katika mfuko wa misiba.