Watoto wa awali kwenye madawati ya darasa la tano

SWALI: Nafundisha darasa la awali wilayani Mufindi. Nina watoto 48 na madawati 12 tuliyorithi kutoka darasa la tano. Benchi liko sentimita 42 kutoka sakafuni, ubao wa kuandikia sentimita 68. Watoto hawatulii hata dakika kumi. Nimeona picha za madarasa ambamo mtoto anachagua mwenyewe pa kukaa: mkekani, kwenye mto, kwenye tairi. Nataka kuyatoa madawati yote, ila mwalimu mkuu anasema nageuza darasa kuwa kijiwe. Nifanyeje? Na tairi zinafaa?

JIBU: Mwalimu, usiyatoe yote. Na kabla hujanunua mto hata mmoja, tafuta futikamba. Mwite mtoto wa kimo cha kati, mvue viatu, mkalishe nyayo zikiwa zimetua chini, kisha pima kutoka kisigino hadi pale goti linapokunjia kwa nyuma. Kwa watoto wa miaka mitano tegemea kitu kama sentimita 27, pungufu kidogo au zaidi kidogo. Hicho ndicho kimo cha kiti chake. Wewe umempandisha kwenye 42. Hebu kaa juu ya kaunta ya duka nusu saa, miguu inaning'inia, huku unaandika barua: utajinyonganyonga, utashuka, utapiga magoti. Ndicho wanachofanya, na sisi tunakiita utundu.

Viwango vya Ulaya vya samani za shule, EN 1729, vinaoanisha kiti cha sentimita 26 na meza ya 46. Saizi inayofuata ni 31 na 53. Usishike namba zenyewe, shika tofauti: meza inakizidi kiti kwa 20 hadi 22. Kwako ni 26, ndiyo maana mtoto akishika penseli mabega yanapanda masikioni.

Kukata miguu ya madawati usithubutu. Ni mali ya serikali na utaandikiwa barua. Bakiza sita, hasa yenye egemeo la mgongo. Funga juu ya benchi mto wa sponji ngumu, ile ambayo mtoto akiikalia inabaki sentimita 5. Sasa kiti ni 47, meza 68, tofauti 21. Chini weka kibao cha kukanyagia: 47 toa 27, yaani sentimita 20. Kwenu Mufindi, penye viwanda vya mbao kila upande, mabanzi si tatizo. Hapo wanakaa watoto 18 kwa zamu, na kazi zote za kuandika kwa penseli zifanyikie hapo. Kulala kifudifudi mkekani kunafaa kwa kuchora na kutazama picha, si kwa kujifunza herufi.

Madawati sita mengine mrudishie mwalimu wa darasa la tano. Neno kijiwe hutalisikia tena.

Waliobaki 30 watosheleze kwa mikeka mitatu ya mita 2 kwa 3, watoto kumi kila mmoja. Tandika turubai chini yake, maana saruji ya huko Juni na Julai inauma. Mtoto akikaa muda mrefu amekunja miguu nyuma kama herufi W, mwambie tu ainyooshe.

Tairi zinafaa, kwa masharti. Soma ubavuni: kwenye 195/65, ile 195 ni upana kwa milimita, kwa hiyo tairi ikilazwa ina kimo cha karibu sentimita 20. Ongeza mto wa sentimita 6 umefika 26. Iliyotoa nyaya itupe. Na zisilale nje hata usiku mmoja wa mvua, zitakuzalishia mbu.

Kuchagua sasa. Mwaka wangu wa kwanza niliwafungulia watoto kila kitu siku moja. Saa tatu asubuhi wawili walikuwa wanang'oana vifungo kwa ajili ya mto mwekundu. Tangu hapo naingiza kitu kimoja kwa wiki, na kila sehemu ina misumari kwenye ubao mdogo, idadi sawa na nafasi zake. Kila mtoto ana kizibo cha soda kilichotobolewa, chenye alama yake: samaki, jembe, nyota. Anakitundika panapo msumari mtupu. Misumari ikijaa, anatafuta kwingine, na ugomvi hauna wa kumlaumu.

Baada ya wiki mbili vitazame vile vizibo. Yule ambaye kila siku yuko mkeka wa mbele kabisa, mpeleke akapimwe macho.